Mpango kazi usio na majina ni ndoto tu

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi imenibana. Leo siandiki juu ya lugha za programu, nataka kuzungumzia jambo lililonikuta Jumamosi iliyopita hapa Rongai.

Wanafunzi watano wa sekondari walinijia nyumbani. Wamepewa mradi wa kikundi, nao wameamua kutengeneza programu ndogo ya hesabu ya maziwa: mkulima ameleta lita ngapi asubuhi na jioni, na mwisho wa mwezi anadai shilingi ngapi. Wazo zuri, maana hesabu ya daftari ikilowa imekwenda na maji. Walikuwa na wiki sita. Mpango kazi wao ulisema hivi: wiki ya 1 utafiti, wiki ya 2 hadi 5 kutengeneza, wiki ya 6 kumalizia. Basi.

Nikauliza, nani anatengeneza? Wakatazamana, kisha wote wakamgeukia msichana mmoja aliyekaa pembeni na laptopu. "Mwalimu, huyu ndiye anajua kompyuta."

Hapo nikajiona mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa mwisho chuoni tulikuwa wanne katika mradi. Niliandika programu yote peke yangu, usiku, wiki mbili za mwisho, na tukapata alama sawa. Kwa miaka nimesimulia kisa hicho kana kwamba mimi ni shujaa na wenzangu ni wavivu. Ukweli ni kwamba mmoja wao aliniomba kazi mara mbili, nikamwambia "ngoja kwanza". Sikumwamini. Alimaliza chuo bila kuandika programu hata moja inayofanya kazi, na lawama sehemu ni yangu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayekibeba kikundi kizima mgongoni hakiokoi. Na mwalimu anayepokea mpango usio na majina anamsaidia kukiua.

Msidhani mtawaamsha waliolala wiki ya mwisho. Fred Brooks, aliyesimamia mradi mkubwa wa programu kule IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Kila mgeni lazima aelezwe kazi, na anayeeleza ni yule yule aliyezidiwa. Tena watu watatu wana njia 3 za kuzungumza wawili wawili. Watano wana 10.

Basi walipoomba niwagawie kazi, nilikataa. Tulichora jedwali la safu nne: kazi gani, ya nani, tarehe gani, na tutajuaje kwamba imekwisha. Kila mmoja alichagua na kuandika jina lake kwa mkono wake. Wawili watakwenda kwa wanaopokea maziwa waone daftari linavyojazwa. Mmoja atashika sura ya programu. Msichana wetu amepewa hesabu ya malipo tu, na atamfundisha mwenzake kuhifadhi rekodi. Ijumaa ya kwanza programu iweze kupokea lita za mkulima mmoja na kuzionyesha, hata kama sura yake inatisha. Wiki ya sita tumeiacha tupu, kwa sababu stima itapotea, na huenda mmoja wao akatumwa nyumbani kuleta karo.

Je, watamaliza? Tutaona. Wenzake walipotoka, yule msichana alibaki mlangoni akaniuliza, "Na wasipofanya?"

Nikamwambia, majina yao yako pale. Waulize Ijumaa ya kwanza, usingoje usiku wa mwisho. Na mtu akikuomba kazi, mpe, hata kama wewe ungeifanya haraka zaidi.

Laiti mtu angeniambia hivyo nikiwa chuoni.