Mtoto Mshindi na Miaka Inayofuata

Huko Kenmore, mji mdogo upakanao na Buffalo, jiji ambako siku hizi wamelowea Wakongo wengi wasemao Kiswahili, kanuni za jimbo la New York zaruhusu mwanafunzi wa darasa la saba au la nane, akishapimwa ustadi, nguvu na kupevuka kwa mwili wake, kushindana michezoni pamoja na vijana wa sekondari. Na ruhusa hiyo, ingawa ni ya heshima, huwatia wazazi yakini isiyo na msingi kwamba mtoto wao atakuwa bingwa ukubwani. Kwani mtoto wa miaka 13 aliyebaleghe mapema, mwenye mapaja yaliyokwisha kukaza, aghalabu huwashinda wenziwe kwa kuwatangulia kukua tu, na wao wakishamfikia kimo, faida ile hutoweka.

Wapo wadumuo, sikatai: Faith Kipyegon wa Kenya, akiwa na miaka 16, alishika nafasi ya nne miguu mitupu katika mbio za nyika za vijana za dunia mwaka 2010, kisha akatwaa dhahabu tatu za Olimpiki. Lakini Mary Cain, binti wa jimbo hilohilo la New York, aliyefika fainali ya dunia ya mita 1500 mjini Moscow mwaka 2013 akiwa na miaka 17, alisimulia baadaye jinsi alivyoshurutishwa kupunguza uzito hata mifupa ikamvunjika; ilhali Paul Tergat, mwanariadha mashuhuri wa Kenya, hakushika mbio kwa dhati mpaka alipoingia jeshini.

Basi ruhusa ile na itolewe kwa nadra, wala mtoto aliyeachwa nyuma mbioni katika darasa la nane asiondolewe kikosini.