Kijerumani cha mchangani

Msimu wa kaskazi uliopita nilikuwa nimeketi chini ya mkwaju, karibu na lango la hoteli moja ya Diani, nikimsubiri jamaa yangu anayefanya kazi humo. Hatua chache mbele yangu kijana muuza vinyago alikuwa akiagana na mzee wa Kijerumani. "Morgen ich komme wieder," alimwambia, yaani kesho nitakuja tena. Karani wa hoteli aliyekuwa akipita, ambaye Kijerumani chake alikipata darasani, akaangua kicheko na kumsahihisha mbele za watu: "Morgen komme ich! Kijerumani gani hicho, bwana?" Mzee yule, labda kwa kutaka kuifunika aibu ile, akajibu kwa Kiswahili: "Kesho mimi kuja tena." Karani akapiga makofi. "Mzee, Kiswahili chako safi kabisa!"

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na sijapata kuona somo lililofupishwa vizuri kama lile. Sentensi mbili, maana moja, kila moja na kosa lake la sarufi. Moja ilizawadiwa kicheko, nyingine makofi. Ukizipima kwa mizani ya sarufi peke yake, ya mzee ndiyo iliyoharibika zaidi, kwa kuwa kitenzi chake hakina kiambishi cha nafsi wala cha wakati.

Kosa la kijana lina mantiki yake. Katika Kijerumani kitenzi cha sentensi kuu hukaa nafasi ya pili. Ukianza na neno "kesho", basi mtenda hana budi kurudi nyuma ya kitenzi. Anayetoka katika Kiswahili au Kidigo, ambako husemwa "kesho mimi nitakuja" bila kupindua chochote, atatanguliza mtenda. Waturuki na Waitaliano waliokwenda kufanya kazi Ujerumani baada ya mikataba ya 1955 na 1961 walisema vivyo hivyo, na watafiti waliochunguza lugha yao waliliona kosa hili mara kwa mara. Ni hatua ambayo karibu kila mwanafunzi wa lugha ile huipitia. Kijana wetu hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa njiani.

Sembuse hizo der, die na das! Kijerumani kina jinsia tatu za nomino, na hazifuati maumbile. Msichana, Mädchen, yumo katika jinsia isiyo ya kike wala ya kiume. Sisi wenye ngeli hatuna haki ya kushangaa sana, maana kifaru wetu ameumbwa kwa ki- na bado tunasema kifaru amelala. Lakini asiyezaliwa na mfumo huo atakosea, na akikosea ataeleweka. Mjerumani akisikia die Mann badala ya der Mann hatadhani ametajiwa mwanamke.

Kwa nini basi tunacheka? Nadhani kosa halipimwi kwa uzito wake bali kwa kinywa kilichokitoa. Wakati wa ukoloni walowezi wa nchi hii walizungumza Kiswahili kilichokatwakatwa hata kikapewa jina, Kisetla. Mpishi na mtunza bustani hawakuthubutu kucheka, na wengine walilazimika kujibu kwa lugha iyo hiyo ili waelewane na bwana. Huko Ujerumani nako baadhi ya wenyeji waliwasemesha vibarua wageni kwa Kijerumani kilichonyofolewa viambishi, kisha vibarua hao hao wakalaumiwa kwa kutojua lugha. Mwenye nguvu akivunja sarufi huambiwa anajitahidi. Asiye nacho akiivunja huambiwa hakusoma.

Lililonisumbua zaidi pale langoni ni kwamba mwenye lugha hakucheka. Aliyecheka ni mwenzetu, mzaliwa wa Kwale. Tangu 2007 sheria ya Ujerumani inamtaka mwenzi anayemfuata mwenzake huko, isipokuwa katika hali kadhaa, athibitishe ujuzi wa msingi wa Kijerumani kabla ya kupewa viza. Kwa vijana wa pwani yetu waliooana na Wajerumani, mtihani huo ni mlango wa nyumba zao. Lakini hata mtihani huo wa ngazi ya kwanza haumtaki mtu aseme bila kosa. Anayefikisha alama 60 kwa 100 amefaulu, na katika mazungumzo la msingi ni kueleweka. Karani wetu amekuwa mkali kuliko watahini.

Sisemi makosa yote ni sawa. Kijana anayemtafsiria mgeni mgonjwa maagizo ya dawa, akichanganya vor dem Essen na nach dem Essen, kabla ya chakula na baada ya chakula, anaweza kumdhuru mtu, na hapo ningetaka asahihishwe papo hapo. Barua ya hoteli nayo iandikwe kwa sarufi timamu. Ila wa kusahihishwa kwa kheri huitwa kando.

Najua uchungu wa kicheko hicho. Nilipokuwa mtoto shuleni, upande wa Msambweni, ulimi wangu wa Kidigo uliponiponyoka nikasema chitu badala ya kitu, darasa zima lilicheka, na mwalimu akacheka nalo. Kwa muda wa muhula mzima sikunyoosha mkono tena. Wenye kucheka walidhani wananifunza Kiswahili, kumbe nilikuwa nikijifunza kunyamaza.

Siku ile, mzee alipokwisha ondoka, nilimwita kijana tukazungumza. Amejifunza Kijerumani kwa masikio tu, miaka minane ufuoni, bila mwalimu wala kitabu. Nilimjaribu kwa hiki kidogo nikijuacho mwenyewe, akanipita mbali. Nikamwambia kwamba, kwa habari nilizopewa na jamaa yangu, hoteli ile ilikuwa ikitafuta mtu wa kuwatembeza wageni wa Kijerumani, na siku ya mwisho ya kupeleka maombi ilikuwa Ijumaa. Alikwisha sikia. Akavifunga vinyago vyake katika leso, akatazama upande wa afisi ya karani.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Hiki changu ni Kijerumani cha mchangani."