Likizo ya watoto wetu isigharimiwe kwa butura

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, kila mwaka, katika Juni na tena katika Desemba, shule hufungwa na watoto wetu hurejea majumbani. Hapa Kimuli, kama ilivyo Nkwenda, Kaisho, Isingiro na Murongo, wapo wanaorudi kutoka shule za bweni za mbali, na wapo ambao siku zote za masomo walitoka alfajiri wakarudi jua likichwa. Kwa majuma kadhaa watoto hao wamo mikononi mwetu usiku na mchana. Je, majuma hayo kwetu ni neema au ni mzigo?

Aghalabu mzazi huyaona mzigo. Imeingia miongoni mwetu fikra kwamba likizo haijawa likizo mpaka mtoto apelekwe Bukoba au Mwanza, avishwe nguo mpya, apigwe picha na picha hizo ziwafikie watu katika simu. Asiye na uwezo huo huona haya mbele ya wanawe na mbele ya jirani. Baadhi yetu hukaa kimya na haya yao. Wengine huitafutia fedha kwa njia yoyote, na hapa ndipo tunapotaka kusema kwa uwazi.

Likizo ndefu ni ya Desemba, nayo humkuta mkulima wa kahawa katika wakati mgumu. Mavuno yetu makubwa huanza Mei na Juni. Ifikapo Desemba fedha za msimu uliopita zimekwisha, kahawa ya msimu ujao ingali changa mtini, na Januari inabisha hodi ikidai sare na madaftari. Huo ndio wakati wa mnunuzi wa butura. Humpa mkulima fedha kidogo leo, na malipo yake ni kahawa iliyo mtini, kwa bei ambayo mwenye shida hana ubavu wa kuikataa. Msimu ukifika, baba huchuma, huanika, hujaza magunia, kisha huyatazama yakiondoka kwa bei ya miezi mingi iliyopita. Wenzake wakipeleka kahawa katika chama cha ushirika, yeye hana cha kupeleka. Desemba nyingine humkuta pale pale alipokuwa.

Viongozi wa Serikali mkoani Kagera wameikemea butura mara nyingi. Lakini sisi Waislamu tuna makatazo yaliyotangulia tangazo lolote la Serikali. Katika Hadith iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihirika kufaa kwake, na akawakataza wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Katika mapokezi ya Anas (r.a.) hekima yake imebainishwa: iwapo Mwenyezi Mungu atayazuia matunda yale, mtu ataihalalisha kwa lipi mali ya nduguye? Basi na anunuaye butura naye asikilize, kwani miongoni mwao wamo wanaosimama nasi safu moja.

Hatusemi haya kumlaumu aliyeshikwa na maradhi ya mtoto au njaa ya nyumba. Huyo ni juu yetu sote, kwa zaka, sadaka na mkopo usio na riba, kumshika mkono kabla hajatumbukia. Tunamsemesha yule anayeuza kahawa changa ili wanawe waonekane wametembea. Huyo ameuza chakula cha watoto ili awanunulie watoto furaha ya siku mbili, hali furaha yenyewe alikuwa nayo nyumbani bila ya kuinunua.

Tumtazame Mtume wetu (s.a.w.), ambaye mikononi mwake ilikuwamo dola na nyumbani kwake ilipita miezi bila moto wa kupikia kuwashwa. Alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.). Mjukuu wake alimpanda mgongoni akiwa katika sijda, naye akairefusha sijda ile asimkatishe mtoto haja yake. Alipomwona kijana mdogo, Abu Umayr, amehuzunika kwa kufiwa na kindege chake, alimsemesha habari za kindege hicho kwa upole na mzaha. Na al-Aqra bin Habis alipojigamba kuwa ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume (s.a.w.) alimjulisha kwamba asiyerehemu harehemewi. Katika habari zote hizo hakuna dirham iliyotumika. Kilichotolewa ni muda, na moyo uliohudhuria.

Hicho ndicho wanachokikosa wengi wa watoto wetu. Baba hutoka baada ya Swala ya Alfajiri, jioni yumo kijiweni, na akirudi usiku watoto wamelala. Likizo hupita hivyo, na mtoto hurudi shuleni akiwa amemwona baba yake kama mpangaji. Kisha tunashangaa kwamba kibanda cha video na simu vimemlea, na kwamba maneno yao yanamwingia kuliko yetu. Hadith iliyo mashuhuri inatufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Hatutaulizwa kama tuliwafikisha Mwanza.

Na nchi yetu hii Mwenyezi Mungu ameijaalia mengi. Juni ni wakati wa kuchuma kahawa na mvua za masika zimepita. Mtoto akichuma ubavuni mwa baba yake, akafundishwa kuchagua iliyoiva na kuiacha changa, akaelezwa kwa nini huanikwa juu ya jamvi badala ya udongoni, hujifunza kazi, uaminifu na hesabu kwa pamoja. Apewe mibuni michache aihesabu kuwa yake, na bei yake aione kwa macho. Ila tutofautishe baina ya kufanya kazi na mtoto na kumtumikisha mtoto. Kazi iishie saa sita mchana, na alasiri iwe ya mchezo.

Novemba na Desemba, mvua zikiwa zimekolea, huja senene. Sunnah imehalalisha nzige, na Waislamu wa Kagera wamewala senene kwa hukumu hiyo. Usiku mmoja wa kuwakamata kwa mwanga wa taa, baba na mama wakiwamo, kisha asubuhi wote wakakaa kuwachambua, mtoto ataukumbuka hata akiwa mzee.

Kuna kuunga udugu. Twende na watoto kwa miguu kuwazuru shangazi, wajomba na mabibi wa vijiji vya jirani. Huko mtoto atapokewa kwa kahawa ya kutafuna, atasikia hadithi na vitendawili vya Kinyambo, na atajua makaburi ya babu zake yako wapi. Kuna kutazama mwezi mwandamo: jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, familia ipande kilimani, kila mtoto ashindane kuuona wa kwanza. Hiyo ni furaha, na ni elimu ya dini pia.

Kuna tarehe yetu wenyewe. Wangapi kati ya watoto wetu wanajua kwamba katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Tabora ilipita Karagwe kuelekea Buganda, na kwamba wafanyabiashara Waislamu walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika? Ahmed bin Ibrahim, ambaye alifika Buganda tangu mwaka 1844, aliishi hapo Kafuro. Uislamu haukuletwa kwetu jana. Mtoto akisimuliwa hayo jioni, nje ya nyumba, atatembea kwa kujiamini mbele ya wenzake.

Na wenye nafasi kidogo, Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, imo humu humu wilayani kwetu, katika pembe ambayo Tanzania inakutana na Rwanda na Uganda. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni. Familia kadhaa za msikiti mmoja zikichangia gari na kubeba ndizi na maharage kutoka nyumbani, zitakuwa zimesafiri bila deni. Lakini tuwaonye watoto: Mto Kagera una viboko na mamba, wala si mahali pa kuogelea.

Tuna mawili ya kuwausia wazazi na kamati za misikiti. La kwanza ni mabinti. Katika nyumba nyingi likizo ni ya wavulana tu. Binti huamka kuteka maji, hupika, hufua, hulea wadogo, na shule zikifunguliwa hurudi akiwa amechoka kuliko alivyokuja. Mtume (s.a.w.) ametubashiria malipo makubwa kwa kuwalea mabinti kwa wema. Wema huo uanze kwa kugawa kazi za nyumbani kwa uadilifu, na nduguye wa kiume naye abebe ndoo.

La pili ni msikiti. Mtume (s.a.w.) aliswalisha watu akiwa amembeba mjukuu wake Umama. Sisi tunawafukuza watoto safu za nyuma kwa makaripio, kisha tunauliza kwa nini vijana hawaji. Kamati zichague siku moja katika kila juma la likizo: baada ya Swala ya Alasiri iwe mashindano ya kusoma Qur'an, mbio na kulenga shabaha, na maimamu na akina baba wawepo.

Ndugu Waislamu, Luqman, ambaye Mwenyezi Mungu amemtaja kwa hekima katika Sura ya 31, aliketi na mwanawe akamsemesha kwa upole juu ya imani, Swala, wazazi, mwendo na sauti. Urithi wake uliohifadhiwa mpaka Kiyama ni mazungumzo ya baba na mtoto. Hakuna miongoni mwetu aliye maskini hata akashindwa na hilo. Kahawa na ibaki mtini mpaka iive, na watoto wawe pamoja nasi kabla hawajakua wakatuondokea.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie wake zetu na watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, na atutosheleze kwa halali yake mbali na haramu yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.