Kushuka mlimani si kukosa imani



Leo nina neno kwa wale wanaosema binti yetu alishindwa na mlima. Wengi mnajua ninayemsema, kwa hiyo jina sitalitaja, na yeye mwenyewe pamoja na mama yake wameniruhusu niandike. Yuko kidato cha tatu. Alikwenda na wanafunzi wenzake kambi ya mafunzo ya nje kule Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, na usiku wa kupanda kilele mkufunzi akamrudisha chini kabla hajafika. Jumapili iliyopita wakati wa shuhuda hakusimama. Baada ya ibada nikamsikia mmoja wetu akimwuliza pale mlangoni, "Kwani hukukemea?"

Mpendwa, swali hilo nalipinga. Nalipinga kwa Biblia na nalipinga kwa akili aliyotupa Mungu.

Watu wengi hapa Bura wanadhani kambi hizi ni mashindano ya kufika juu. Hebu tuangalie zilitoka wapi. Shule ya Outward Bound ya Loitokitok ilianzishwa mwaka 1952, lakini wazo lilizaliwa Wales, katika mji wa Aberdovey, mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto. Meli za Waingereza zilikuwa zikizamishwa baharini. Mwenye meli mmoja, Lawrence Holt, aliona jambo la kushangaza: kwenye mashua za kuokolea watu, mabaharia vijana wenye misuli walikuwa wanakufa, na wazee wanaishi. Nguvu walikuwa nazo, lakini hawajawahi kupitishwa kwenye shida wakajifunza kuivumilia. Akashirikiana na Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler, wakafungua shule ya kuwafundisha vijana hao. Kwa hiyo tangu mwanzo lengo lilikuwa mtu arudi nyumbani hai.

Sasa sikilizeni aliyoyapitia huyu binti. Nilikaa naye karibu saa nzima nyumbani kwao, nami nikajifunza. Anasema siku za kwanza walipewa sufuria moja, unga na kiberiti, wakaambiwa wajipikie, na hakuna mtu wa kumlalamikia. Walibeba mizigo yao wenyewe. Msichana mmoja aliyezoea kufanyiwa kila kitu nyumbani alilia siku mbili, siku ya tatu ndiye aliyekuwa anaamka kwanza kuwasha moto. Halafu wakaanza kupanda, siku baada ya siku, kwa mwendo ule ambao waongoza wageni wa Kilimanjaro huurudia mpaka wazungu wameushika: polepole, polepole.

Usiku wa mwisho huanza karibu saa sita, kutoka kambi iliyo kwenye mita 4,700 hivi. Giza, upepo, na mteremko wa kokoto na majivu ambao ukikanyaga, mguu unarudi nyuma. Anasema maji yaliganda ndani ya chupa. Mtoto wa Bura, ambaye barafu anaijua ya kwenye friji ya duka tu, akashika chupa yake mwenyewe ikiwa ngumu kama jiwe! Kichwa kilianza kumgonga. Akatapika mara mbili. Akaanza kuyumba kama mlevi, na alipoulizwa jina la shule yake akachelewa kujibu. Mkufunzi hakumpigia kelele wala hakumbembeleza. Alimwambia, "Wewe unashuka sasa," akampa mtu wa kumsindikiza. Anasema waliposhuka kiasi cha kutosha kichwa kikaanza kufunguka, na kufikia asubuhi akanywa uji.

Hapo kukemea ni kukemea nini? Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Sisi hapa kwenye bonde la Tana hatufiki hata mita 200 juu ya usawa wa bahari. Kule juu hewa imepungua mpaka kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata hapa. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea, na miili haizoei sawa: kijana mwenye afya kabisa anaweza kuanguka huku mzee anapita. Ukilazimisha, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na mtu akafa kabla ya jua kuchomoza. Dawa ya kwanza ni kushuka. Mungu ndiye aliyeumba mapafu, na ndiye aliyeiweka hewa jinsi ilivyo.

Someni Mathayo 4. Shetani alimpandisha Bwana juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, tena akamletea Zaburi ya 91 iwe ushahidi kwamba malaika watamdaka. Lilikuwa andiko la kweli, limetumika vibaya. Yesu alikataa, akajibu kwamba Mungu hajaribiwi. Sijawahi kusikia mhubiri akisema Yesu alikosa imani siku ile kwa sababu hakuruka. Na Eliya alipochoka akaomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena.

Wapendwa, jambo hili naliandika kwa uzito kwa sababu tumeona linakotufikisha. Shakahola iko Kilifi, si nchi ya mbali. Mwaka 2023 na baada yake miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, na wengi walikuwa watu waliofunga chakula wakiaminishwa kwamba watakutana na Yesu. Mambo kama yale huanza kidogokidogo, pale tunapozoeshwa kwamba anayesema "naumwa" ana imani ndogo, na anayemeza dawa amemwaibisha Mungu. Mtoto akisikia hivyo kanisani, siku moja atanyamaza akiwa na maumivu ambayo angepaswa kuyasema.

(Na kwa wanaopenda historia: Hans Meyer, anayehesabiwa kuwa wa kwanza kufika kilele kile, akiwa na Ludwig Purtscheller mwaka 1889, alikuwa amejaribu mwaka 1887 akageuzwa na barafu. Alishuka, akaenda kujipanga. Angekaidi mwaka ule, pengine jina lake tungelisoma kaburini.)

Wazazi ambao watoto wao wanasubiri zamu ya kambi likizo ya Agosti, nawasihi. Usimwambie mtoto "usirudi bila kufika juu". Mwambie hivi: kichwa kikiuma, sema. Ukitapika, sema. Mkufunzi akisema shuka, shuka. Mnunulie soksi nzito na kofia ya kufunika masikio. Hapa Bura hazipatikani, agizeni mapema Nairobi. Kama ana pumu au ugonjwa wa seli mundu, msifiche kwenye fomu kwa sababu mmemwombea. Tutaendelea kuomba, na fomu mtaijaza kwa ukweli. Fomu ziko kwangu, nitakuwa ofisini Jumatano baada ya maombi ya mchana.