Maoni: Mpiganaji wa kachi apimwe kwa kipimo gani?

Jioni umeme unapopatikana, vijana wa kartie nyingi za mashariki ya Kongo wanakusanyika mbele ya televisheni moja, au hata simu moja ya mkononi, kutazama mieleka ya kulipwa, ule mchezo ambao watu wanauita kachi kwa jina lililokuja na Kifaransa. Pambano likiisha, lingine linaanza kati ya watazamaji wenyewe. Huyu anasema Undertaker ndiye mkubwa kuliko wote. Yule anajibu kwamba ni John Cena, kwa sababu alibeba mikanda mingi. Na karibu kila mara kuna mzee pembeni anayecheka na kuuliza: "Wanangu, si wanapanga mbele nani atashinda? Sasa munagombana juu ya nini?"

Swali la mzee linastahili jibu. Kama mshindi amepangwa, basi ushindi hauwezi kuwa kipimo. Mikanda nayo haipimi kitu, maana mkanda ni mali ya kampuni na kampuni inamfunga nao yule inayemtaka. Lakini hata hivyo kuna cha kupima, na kina uzito kwa mtu anayetoa franka zake chache ili aingie kutazama.

Mwaka 1957 mwandishi Mfaransa Roland Barthes alifungua kitabu chake Mythologies kwa insha juu ya kachi. Alieleza kwamba kachi ni onyesho, na watazamaji wanakuja kuona mateso, usaliti na haki vikiwekwa wazi mbele ya macho. Kwa hiyo anayehukumu kachi kama anavyohukumu mpira wa miguu amepiga hodi kwenye mlango usio wake. Mwanamieleka ahukumiwe kama msimulizi wa hadithi, tena msimulizi anayetumia mwili wake na mwili wa mwenzake.

Mfano mzuri ni onyesho la WrestleMania III, lililofanyika tarehe 29 Machi 1987 katika uwanja wa Silverdome, mji wa Pontiac, jimbo la Michigan huko Marekani. Waandalizi walitangaza kwamba watazamaji walikuwa 93,173. Hesabu hiyo imepingwa, na wengine wanasema walikuwa karibu 78,000. Hata ukishika hesabu ndogo, huo ni umati wa kujaza uwanja mkubwa wa mpira.

Kilichowaleta zaidi ni pambano moja: Hulk Hogan na André the Giant. André, jitu lililozaliwa Ufaransa, alitangazwa kuwa na kilo 236 na kwamba hajawahi kushindwa kwa miaka 15. Hilo la pili halikuwa kweli. Hata habari kwamba hakuna awezaye kumnyanyua haikuwa kweli, kwa kuwa Hogan mwenyewe alikwisha kumnyanyua na kumwangusha mjini New York mwaka 1980. Lakini hadithi iliyotangulia pambano ilieleweka na kila mtu. Watu wawili walikuwa marafiki. Mmoja akaingiwa na wivu, akaja na Bobby Heenan, meneja aliyekuwa adui wa rafiki yake, akadai pambano la kugombea mkanda, akamchania shati na kumkatia mkufu wa msalaba shingoni. Mtu yeyote aliyewahi kusalitiwa na rafiki hakuhitaji mkalimani.

Ulingoni mambo yalikuwa magumu. André alikuwa mgonjwa, mgongo wake ulikuwa umepasuliwa na madaktari, na alitembea kwa shida. Walipigana kama dakika 12, nyingi zikiwa za kusukumana na kukumbatiana. Dave Meltzer, mwandishi wa Marekani anayejulikana kwa kuyapa mapambano nyota, aliliweka nyota 4 chini ya sifuri. Hata hivyo dakika ile Hogan alipomnyanyua André na kumbwaga ndiyo picha ambayo watu wanaikumbuka mpaka leo.

Siku hiyohiyo, katika uwanja huohuo, Randy Savage alipambana na Ricky Steamboat. Savage alikuwa mtu wa kupanga kila hatua mapema. Hadithi yao pia ilikuwa nyepesi kushika: miezi kadhaa kabla, Savage alimuumiza Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni, na sasa aliyeumizwa amerudi kudai haki yake. Kwa muda usiofika dakika 15 walikimbizana, wakaponyokana, wakarudishiana, na Steamboat akashinda. Meltzer huyohuyo alilipa nyota nne na nusu, na wapenzi wengi wa mieleka wanaliita pambano bora la siku ile.

Basi kati ya haya mawili, lipi lilikuwa kubwa? Wanaopenda ufundi wanasema la Savage. Wanaohesabu tiketi wanasema la Hogan. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, ila wote wanasahau kwamba mapambano hayo mawili yana kitu kimoja: yanasimulika. Mtoto aliyeona anaweza kurudi nyumbani na kumweleza bibi yake ambaye hakuona. "Walikuwa marafiki, mmoja akamsaliti mwenzake, naye akambeba lile jitu lote akalitupa chini." "Alimponda koo kwa kengele, mwenzake akapona, akarudi kumnyang'anya mkanda." Bibi anaelewa, anauliza: "Halafu?"

Hiyo "halafu" ndiyo nguvu ya kuvuta watu. Hogan na André waliporudiana kwenye televisheni ya Marekani tarehe 5 Februari 1988, watazamaji walihesabiwa kuwa milioni 33. Hawakufuata ufundi, kwa sababu André alikuwa hana tena. Walifuata hadithi ambayo haijaisha.

Kipimo hiki kinaonyesha pia kwamba kushindwa kunaweza kumjenga mtu. Tarehe 23 Machi 1997, karibu na Chicago, Steve Austin alipambana na Bret Hart. Austin ndiye aliyekuwa mtu mbaya, Hart alikuwa mpendwa wa watu. Mwishoni Hart alimkunja miguu kwa mshiko wake mashuhuri, damu ikimtiririka Austin usoni, na Austin akakataa kusalimu amri mpaka akazimia. Kwenye karatasi alishindwa. Lakini Hart aliendelea kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka, na umati ukageuka palepale: mbaya akawa shujaa, shujaa akawa mbaya. Mwaka mmoja baadaye Austin alikuwa bingwa, na mwezi Aprili 1998 kipindi cha kampuni yake kilipata watazamaji wengi kuliko kile cha washindani wao WCW, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu katikati ya mwaka 1996. Anayehesabu ushindi tu hawezi kueleza mambo hayo.

Upande wa pili wa kuvuta watu ni deni. Mtazamaji analipa kabla hajaona, ni kama amemkopesha mwandalizi imani yake. Tarehe 4 Januari 1999, WCW ilijaza uwanja wa Georgia Dome mjini Atlanta kwa watu zaidi ya 38,000, ikiwaahidi Kevin Nash na Goldberg. Goldberg hakupigana pambano hilo. Aliingia Hogan badala yake, akamgusa Nash kifuani kwa kidole kimoja, Nash akajiangusha chini, mkanda ukabadilisha mikono. Walikuwa wamepanga pamoja. Hilo nalo linasimulika, lakini kama wizi unavyosimuliwa. Makosa ya kampuni ile yalikuwa mengi, si hilo peke yake, ila mwezi Machi 2001 iliuzwa kwa mpinzani wake.

Somo hilo linafika moja kwa moja hapa Kongo, kwa kuwa nchi hii ina kachi yake. Mjini Kinshasa wapiganaji wanapita barabarani kabla ya pambano wakiwa na vinyago, fanfare ikilia, watoto wakiwakimbilia nyuma, na ulingo unajengwa mahali wazi katikati ya kartie. Wanawake nao wanapigana na wana wapenzi wao. Jina la Edingwe, aitwaye Moto na Ngenge, linajulikana hata kwa watu wasiowahi kukaribia ulingo. Wako wanaotegemea nguvu za mwili, na wako wanaokuja na fetishi: mpinzani anapuliziwa unga au anaonyeshwa kitu, anaanguka, mchezo umekwisha.

Wengi wanadharau kachi ya fetishi wakisema ni ujinga. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Fetishi ulingoni ni chombo cha hadithi, kama ukubwa wa André ulivyokuwa chombo. Ikitumika baada ya mpiganaji kuteseka, kukosa njia, na watu kumwita kwa sauti atoe siri yake, ina maana. Ikitolewa dakika ya pili ili wapiganaji wasichoke, huo ni ule mguso wa kidole wa Atlanta. Mama aliyeuza mihogo kutwa nzima na kuwalipia watoto wake amenyang'anywa haki yake, na mwandalizi asishangae safari ijayo uwanja ukibaki mtupu.

Tena kuna hatari ambayo waandalizi wa mashariki ya nchi wanapaswa kuiogopa. Katika Kivu ya Kusini, tuhuma za uchawi zimeua watu. Mwaka 2021 wanawake, wengi wao wazee, waliuawa katika Kabare, Kalehe na Walungu kwa sababu ya tuhuma hizo. Mahali penye vidonda hivyo, mpiganaji anayetumia fetishi ana wajibu wa kuonyesha wazi kwamba ni mchezo. Mara pambano linapokwisha, aliyeanguka ainuke, asalimu watu, acheke na watoto. Onyesho linalomrudisha mtoto nyumbani akimtazama bibi yake kwa woga limeshindwa, hata kama lilijaza uwanja.

Kipimo cha mwisho ni mwili wa mpinzani. Wapenzi wa kachi hawapendi kukizungumzia, lakini wapiganaji wenyewe wanakitanguliza. Mwezi Agosti 1997 Owen Hart, ndugu yake Bret, alimdondosha Austin kwa kichwa vibaya, shingo ikaumia, na kwa muda Austin hakuweza kusogeza viungo vyake. Tarehe 23 Mei 1999 Owen mwenyewe alikufa mjini Kansas City, alipoanguka kutoka juu ya uwanja wakati wa kushushwa kwa kamba ili aingie ulingoni kwa mbwembwe. Mbwembwe zile hazikuhitajika katika hadithi yoyote. Ilikuwa njia ya kupata kelele za dakika moja, na mtu mwenye mke na watoto wawili hakurudi nyumbani.

Vijana wanaoigiza mieleka kwenye mawe ya volkano ya Goma, au kwenye udongo mgumu kando ya vibanda vya waliohama vita, waambiwe jambo hilo bila kufichwa. Wanaowaona kwenye kioo wamejifunza kwa miaka namna ya kuanguka, na chini yao kuna mbao zinazocheza na godoro. Kumbwaga rafiki kichwa chini hakuhitaji ushujaa wowote. Ufundi ni kumbwaga mbele ya watu mia tano, wote wapige kelele, naye ainuke mzima.

Watu wengine wanasema mambo haya ni anasa, kwamba familia zilizoacha mashamba na nyumba zina shida kubwa kuliko kujua nani mpiganaji bora. Shida hizo ni kweli na hakuna kachi inayozimaliza. Lakini watu hao wanajua ugomvi wa kweli kuliko mtazamaji yeyote wa Michigan. Wameona mwenye nguvu akimpiga aliyeanguka bila mwamuzi kuingilia na bila kengele kulia. Wanapokaa kutazama pambano lenye mwanzo na mwisho, ambamo mwovu anatambulika na wote wawili wanaondoka kwa miguu yao, wanastahili lifanywe vizuri. Kuwapa kazi mbovu kwa sababu ni maskini ni dharau.

Kwa hiyo vijana wakianza tena mabishano yao, mzee wa pembeni anaweza kupata jibu kwa njia rahisi. Wasihesabu mikanda. Wamtume aliyeona akamsimulie mtu ambaye hakuwa na pesa ya kuingia. Kama anaweza kueleza kwa nini walipigana, nini kilibadilika, na kwamba wote wawili waliinuka, pambano lilikuwa zuri. Na kama yule wa nyumbani anaanza kutafuta franka kwa ajili ya safari ijayo, basi wapiganaji hao wamejua kazi yao.