Kulika, Kukwaruzika, Kubambuka: Istilahi Zetu na Vyuma Vipya

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba uhandisi wa kisasa. Nionavyo mimi, wenye dai hilo hawajaisikiliza gereji. Mjini Katangi, huko Machakos, ambako vumbi la kichanga huingia kila mahali, fundi wa pikipiki haridhiki kusema kwamba kifaa kimechakaa. Atakuambia ringi zimelika, silinda imekwaruzika, gia imesagika. Hivyo si visawe. Kila kitenzi kinataja namna yake ya uharibifu.

Chukua alumini. Ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7, ilhali ya chuma hukaribia gramu 7.9. Lakini ni laini; katika kipimo cha ugumu cha Mohs haifiki 3, na mchanga wa kawaida ni 7. Ndiyo sababu wahandisi wakaitia kauri, kama vile chembe za kabidi ya silikoni, ambazo ugumu wake unapita 9. Toyota ilitumia nyuzi za kauri katika pistoni za injini za dizeli mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1996 gari la Lotus Elise likatoka na diski za breki za alumini iliyotiwa chembe hizo.

Hapa ndipo lugha inapopimwa. Chembe zikishikamana barabara na alumini, hubeba mzigo na uso hulika polepole. Zisiposhikamana, hung'oka, zikanaswa kati ya nyuso mbili zinazosuguana, zikazisaga zote kama msasa. Mlinzi amegeuka mharibifu! Na hata zikishika vyema huweza kukwangua kifaa cha pili, hivi kwamba diski ikadumu na pedi ikaangamia. Mzigo ukizidi, tabaka nyembamba za uso hupasuka chini kwa chini na kubambuka. Mfasiri akiyaita yote hayo "uchakavu" amefuta somo lenyewe, kwa kuwa neno hilo hueleza hali ya kitu baada ya kuharibika, wala halisemi kimeharibikaje.

TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi ya kupongezwa. Hata hivyo istilahi zetu nyingi bado huundwa mezani, kamusi ya Kiingereza ikiwa wazi. Ndipo tunapopata "mchanganyiko wa metali ya alumini ulioimarishwa kwa chembechembe za kauri". Kabla mhadhiri hajafika mwisho wa istilahi hiyo, pistoni imekwisha kulika. Kwa nini tusiseme alumini-kauri?

Huenda msomaji akapinga kwamba fundi naye amekopa: ringi, pistoni, breki. Ni kweli, nomino amekopa. Vitenzi ni vya Kibantu, na elimu ya msuguano hukaa katika vitenzi. Napendekeza chama chetu kivikusanye, kila fundi akiombwa aonyeshe kifaa kilichoharibika wakati anapotamka neno lake.