Ziwa Haliuzwi Pamoja na Chumba

Kuna imani iliyokita mizizi miongoni mwa wasafiri wetu, na hapa Kigoma husikika kila mgeni anapouliza pa kulala: hoteli ya maana ni ile ya ufukweni, na ukubwa wa bei yake ndio ushahidi wa ubora wake. Anayelala katika mitaa ya ndani ya mji kama Rusimbi, Mwanga au Gungu huhesabiwa kuwa mtu aliyeishiwa, wala hakuna anayefikiri kwamba huenda amechagua kwa akili zake. Imani hii ni potofu na ina madhara. Humtoza mgeni kwa kitu ambacho hoteli haina mamlaka ya kukiuza, huipitisha fedha ya utalii mbali na mitaa yenye watu, na huwafanya Watanzania wengi waamini kwamba likizo kando ya Ziwa Tanganyika ni ya Wazungu na wakubwa wa ofisi. Ninachosema ni hiki: thamani ya hoteli hupimwa kwa kile utakachokitumia ndani yake na kwa urahisi wa kukifikia kilichokuleta mjini. Umbali wa dirisha lako na maji hauingii katika kipimo hicho mpaka uwe umekuja kulitazama ziwa tu.

Tuanze na bei, kwa sababu ndiyo inayowapumbaza wengi. Kigoma ni mwisho wa reli. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika hapa mwaka 1914, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya wageni wa mji wetu wamekuja kwa kazi: watumishi wa serikali, wafanyabiashara wa Kongo na Burundi, wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi tangu miaka ya tisini kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa Kasulu, na sasa wakandarasi wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma yenye urefu wa kilomita 506. Wengi wa wageni hawa hawalipi kutoka mfukoni. Analipa mwajiri, analipa mfadhili, au inalipa posho. Mahali ambapo anayelala siye anayelipa, bei haina haja ya kulingana na ubora. Inatosha ilingane na kiwango cha posho. Hoteli yenye ukumbi wa semina inaweza kupanga bei ya chumba kwa kumwangalia mratibu wa semina, na familia iliyotoka Tabora kwa mapumziko ya siku tatu ikajikuta inalipa bei iliyopangwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa.

Ongeza mambo mawili. Kwa miaka mingi mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na kila hoteli kubwa ililazimika kuwa na jenereta lake pia. Gharama ya mafuta iliingia katika bei za vyumba, na bei ikishapanda si rahisi kuishusha hata umeme ukitengemaa. La pili ni kodi. Hoteli iliyosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani kwa kawaida hutoza asilimia 18, yaani katika kila shilingi 118,000 unazolipa, 18,000 ni za Hazina. Nyumba ndogo ya wageni ambayo mauzo yake ya mwaka hayajafikia kiwango cha kusajiliwa, kilichopandishwa mwaka 2023 hadi shilingi milioni 200, haitozi kodi hiyo. Kulipa kodi ni wajibu wa heshima, lakini kodi hailainishi godoro. Anayelinganisha bei mbili na kusema kwamba pengo lote kati yake ni ubora hajui anachokilinganisha.

Sasa tuje kwenye ufukwe wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari na maziwa ya asili. Maana yake ni kwamba ukingo wa ziwa umehifadhiwa kwa faida ya wote, na hoteli inayokuuzia "ziwa mlangoni" inakuuzia kitu ambacho si chake. Na ziwa lenyewe limekwisha kutuonyesha kwa nini sheria hiyo ilitungwa. Mwaka 2020 na 2021 kina cha Tanganyika kilipanda, maji yakaingia katika makazi na majengo ya ufukweni kuanzia Bujumbura na Uvira hadi Kalemie na upande wetu. Waliojenga karibu zaidi ndio walioumia zaidi. Kisha kuna suala la kuoga. Si kila ufukwe uliopo mbele ya hoteli unafaa kuogelea: palipo na makazi mengi, matete na maji yaliyotulia pana hatari ya kichocho, na maji ya jirani na bandari si ya watoto kuchezea. Anayetaka mchanga safi na maji maangavu anajua pa kwenda, kama ufukwe wa Jakobsen ng'ambo ya eneo la Katonga, ambako mgeni wa kutwa hulipa kiingilio, akaoga, akala, akarudi mjini jioni. Kwa hiyo ziwa linapatikana bila chumba cha ufukweni, na chumba cha ufukweni hakikuhakikishii ziwa la kuoga.

Hoteli basi ni ya nini? Ni ya kulala salama, kuoga, kuhifadhi mizigo na kuamka ukiwa na nguvu za siku inayofuata. Kwa Kigoma, kitu cha kwanza katika orodha hiyo ni chandarua. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliuweka mkoa wetu juu ya mikoa yote ya Tanzania Bara: karibu robo ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea. Neti nzima isiyo na tundu, inayofika chini na kuingia vizuri chini ya godoro, ina thamani kuliko bwawa la kuogelea na televisheni ya ukutani. Yanafuata maji: je, kuna simtanki la akiba maji ya bomba yakikatika? Kisha feni inayozunguka, kitasa kinachofunga, choo na bafu ndani ya chumba, na utulivu usiku. Vitu hivi havitegemei mandhari. Vinategemea mwenye nyumba anayeijali kazi yake, na mwenye nyumba wa namna hiyo unaweza kumkuta Rusimbi kama unavyoweza kumkosa ufukweni. Nyota zinazotundikwa ukutani hazikwambii yote hayo. Nyota huhesabu vifaa na huduma zilizoorodheshwa, na haziwezi kukueleza kama neti ya chumba namba saba imechanika wiki hii.

Baada ya kitanda, kinachoamua thamani ni mahali hoteli ilipo ukilinganisha na safari yako. Watu huja Kigoma kwa Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, iliyo kilomita 16 hivi kaskazini, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Huja kwa Mahale, hifadhi tangu mwaka 1985. Huja kwa Ujiji, mahali ambapo mwanahabari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, na kabla yao wapelelezi Burton na Speke walifika mwaka 1858. Huja kuiona Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani, ikaunganishwa hapa Kigoma, ikazamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa tena, ikarudi kazini mwaka 1927. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji ulale mbele ya maji. Maboti ya abiria ya kwenda vijiji vya kaskazini na Gombe huondokea Kibirizi. Daladala za Ujiji hupita barabara ya Mwanga. Aliyelala mtaani hutoka nje akapata bajaji, akanywa chai na chapati kwa mama lishe, akafika anakokwenda. Aliyejifungia katika hoteli ya pembeni humwita dereva kila anapotaka kutoka, na hula pale pale kwa bei ya pale pale kwa sababu hana pengine karibu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei za nyumba yoyote. Tuseme chumba kimoja ni shilingi 180,000 na kingine 40,000, na vyote vina neti, maji na kitasa. Kwa usiku nne pengo ni shilingi 560,000. Fedha hiyo ndiyo nauli ya boti, kiingilio na mwongozaji wa Gombe, migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo kila siku, na mawese ya kupeleka nyumbani. Wengi wanaosema wameshindwa kwenda Gombe kwa sababu ni ghali walikwisha kuilipa Gombe yao kwenye mapokezi ya hoteli.

Wala tusidhani kwamba kulala mjini na kwenda ufukweni mchana ni werevu wa maskini. Kusini-mashariki mwa Asia, eneo linalosifiwa duniani kwa hoteli za bei nafuu na nzuri, mtindo huu umechangia sifa hiyo. Hoi An, mji wa kale wa bandari nchini Vietnam uliotambuliwa na UNESCO mwaka 1999, upo kilomita chache kutoka baharini. Wageni wengi hulala katika nyumba ndogo za kifamilia ndani ya mji na kwenda ufukwe wa An Bang kwa baiskeli. Huko Penang, Malaysia, hoteli za ufukweni zimejipanga Batu Ferringhi, lakini watu wanaotaka chakula, historia na bei ya kueleweka hulala George Town, katika nyumba za maduka za zamani zilizogeuzwa kuwa hoteli ndogo. Kilichofanya nyumba hizo ziwe nzuri ni wingi wa wageni wanaozichagua, wanaozilinganisha na kuzikosoa. Nyumba za Rusimbi na Ujiji hazitafika hapo kama kila mwenye uwezo wa kulipa na kudai huduma atazipita akielekea majini. Ujiji ulikuwa ukipokea misafara ya mbali kabla bandari ya Kigoma haijajengwa. Kumkirimu mgeni si jambo la kufundishwa hapa.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili jibu. Ya kwanza ni usalama na heshima. Watasema gesti za mitaani zina sifa mbaya, zina baa chini ya madirisha na wapangaji wa saa moja. Ni kweli kwamba zipo za namna hiyo. Lakini hiyo ni sababu ya kuchagua, na haiwezi kuwa sababu ya kuukataa mtaa mzima. Nyumba inayomwandikisha kila mgeni kitabuni, isiyokodisha kwa saa, isiyo na baa, yenye mlinzi na mwenyeji anayejulikana na jirani zake, inamfaa mama na watoto wake kuliko hoteli kubwa yenye muziki hadi usiku wa manane. Ya pili ni mapumziko: wapo wazee, wapo maharusi wanaotaka kukaa kibarazani na kuyaangalia machweo nyuma ya milima ya Kongo. Hao wana haki yao. Kama siku nzima utaitumia hapo hapo, basi mandhari ni sehemu ya unachokitumia, na kuilipia ni halali. Hata hivyo siku moja au mbili hutosha, na zilizobaki ulale mjini. Ya tatu ni ajira: hoteli kubwa huajiri wengi na hulipa kodi. Sipingi hilo. Lakini shilingi inayolala Rusimbi nayo huajiri, ikianza na mfua mashuka, ikapita kwa mama lishe na dereva wa bajaji, ikafika kwa mvuvi wa dagaa, na njiani haimwachi mtu wa mtaa.

Basi, ndugu msomaji unayepanga kuja mwisho wa reli, usiulize kwanza kama hoteli ipo ufukweni. Uliza kama kuna neti, maji ya akiba na utulivu. Omba kukiona chumba kabla ya kulipa. Fungua bomba, washa feni, funga kitasa. Taka bei kwa shilingi, kwani kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na taka risiti. Na ninyi wenye nyumba za wageni wa Rusimbi, Mwanga na Ujiji, badilisheni neti zilizochanika, zimeni muziki saa nne usiku, andikeni bei zenu ukutani. Mgeni akifanya sehemu yake na mwenyeji akafanya yake, Kigoma itakuwa mji ambao mwalimu, fundi na nesi wa Tanzania wanaweza kuuzuru pamoja na familia zao bila kukopa.